Haro na Mikono Isiyojua

Kwenye rafu ya sebuleni kwangu hapa Tanga, kati ya redio na picha ya marehemu baba, limekaa tufe la kijani linaloenea kiganjani. Lina macho mawili madogo, mdomo wa mstari uliopindapinda, na ubavuni vifuniko viwili vinavyosimama kama masikio ya mtu aliyeitwa kwa jina. Huyo ni Haro. Ni roboti ya plastiki iliyoundwa humu ndani, kwa siku mbili za likizo ya Desemba, na mjukuu wangu wa miaka minane, mimi nikiwa msaidizi wake. Tangu siku hizo sijaacha kuifikiria kazi ile, maana ilinirudisha mahali ambapo nilikwishapafunga na ufunguo nikautupa.

Aliyetuletea ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma katika mji wa Shizuoka, Japani. Alipokuja likizo alinipa shikamoo, akakaa, akafungua begi na kutoa boksi jepesi, ukilitikisa linachakacha kama lina punje za mahindi. "Mjomba, zawadi hii ni ya mtoto," alisema. "Lakini nawe ukae naye. Usimwache peke yake, wala usimfanyie." Maneno yale ya mwisho niliyasikia kwa masikio tu. Kuyaelewa ilikuwa kesho yake.

Haro si wa jana. Alizaliwa katika katuni ya televisheni iitwayo Mobile Suit Gundam, iliyoanza kuonyeshwa Japani tarehe 7 Aprili 1979 chini ya uongozi wa Yoshiyuki Tomino. Ni hadithi ya vita vya angani, yenye roboti ndefu kama majengo, na ndani yake watu wanaoziendesha. Katikati ya vita hivyo yupo kijana, Amuro Ray, mwenye roboti ndogo ya duara inayodundadunda sakafuni kama mpira na kurudiarudia maneno yake. Mpwa wangu aliponieleza jambo hilo la kurudia maneno, nilimpenda Haro kabla sijamwona. Sisi tunaoongea Kiswahili tunaujua utamu wa neno linalotamkwa mara mbili: polepole, sawasawa, taratibu taratibu. Mjukuu wangu alimdaka hapohapo. Siku nzima nyumba ikawa ni "Haro, njoo njoo! Haro, kaa kaa!"

Katuni yenyewe ilianza kwa mkosi. Ilipangwa iwe na vipindi 52, lakini watazamaji walikuwa wachache, wafadhili wakachoka, ikakatwa ikiwa na vipindi 43 mwezi Januari 1980. Ingekuwa ndiyo mwisho wake. Ila mwezi Julai mwaka huohuo kampuni ya Bandai ilitoa boksi la vipande vya plastiki vya kuunda ile roboti kubwa yenyewe, Gundam, kwa bei ya yeni 300, bei ya kutoka mfukoni mwa mtoto. Ukubwa wake ulipunguzwa mara 144: jitu la mita 18 likawa mwanasesere wa sentimita 12 na nusu. Kipindi kikarudiwa kwenye televisheni, watoto wakafurika madukani, na jina jipya likazaliwa, Gunpla, yaani Gundam wa plastiki. Hadi leo maboksi yaliyotoka yamepita milioni 500.

Hesabu hiyo ni kubwa, lakini kilichonishika mimi ni kitu kingine. Boksi lile la 1980 lilikuwa gumu kwa mtoto. Plastiki yake karibu yote ilikuwa rangi moja, na bila gundi na bila brashi ya rangi hukupata kitu cha kufanana na picha ya kwenye kifuniko. Miaka ikapita, na kila walipopata ufundi mpya waliutumia kumtua mtoto mzigo mmoja. Gundi ikaondoka, vipande vikawa vinabanana vyenyewe. Rangi nayo ikaondoka, kwa kuwa walipata mashine za kumimina plastiki ya rangi nne kwa mpigo mmoja, na kipande kikawa kinatoka kiwandani na rangi yake. Ugumu haukutoweka. Waliuchukua wao, wakaubeba kiwandani, ili usimkute mtoto mezani.

Sasa nije kwenye meza yangu.

Tulipofungua boksi hatukukuta vipande vimemwagika. Vilikuwa vimeshikamana na fremu nyembamba za plastiki, kila kimoja kikining'inia kwa kikonyo chake kama embe changa. Kila fremu ina herufi yake, kila kipande kina namba yake. Karatasi ya maelekezo imeandikwa Kijapani, lugha ambayo katika nyumba hii hakuna aijuaye, na bado hatukukwama hata mara moja, kwa sababu mwandishi wake alikuwa ametegemea picha. Mshale unaonyesha upande wa kuingilia. Jicho lililochorwa linakuambia utazame. Mjukuu wangu alisoma karatasi ile kwa kidole, akitembea kutoka mshale hadi mshale, na mimi nilikuwa nyuma yake siku zote.

Plaisi ndogo ya kukatia hatukuwa nayo. Tulitumia neilikata.

Kukata kikonyo kuna adabu yake, na mpwa wangu alituonyesha kabla hajaondoka. Unakata mara mbili. Mara ya kwanza unakata mbali, huku kwenye fremu, ili kipande kitoke na kijiti chake kirefu. Halafu, kikiwa mkononi, kimelegea, hakivutwi na kitu, ndipo unakata karibu, na mabaki unayamaliza kwa msasa. Ukiwa na haraka ukakata karibu kwa mara moja, plastiki inavutika kabla ya kuachia, na pale ilipovutika inabaki alama nyeupe. Hiyo alama si uchafu hata uifute. Ni nyama ya plastiki yenyewe imejeruhiwa kwa ndani.

Kipande cha kwanza kabisa, nusu ya tufe la kijani, mjukuu wangu alikikata karibu kwa mara moja. Kijialama cheupe kikatokea, kidogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Alikitazama, akanitazama. Nilisema hakuna neno, tuendelee.

Tukaendelea vizuri mpaka tukafika kwenye kipande cha ndani, kile kinachoshika masikio. Alikigeuza. Picha ilionyesha tundu liwe juu, yeye akakishika tundu likiwa chini, akaanza kukikandamiza. Na mimi, bila kufikiri, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikamnyang'anya.

Sikumfokea. Sikusema neno. Nilikichukua tu kile kipande kutoka vidoleni mwake, kwa ile kasi ya mtu anayejua akimtoa njiani mtu asiyejua. Mikono yake miwili ikashuka kutoka juu ya meza ikaenda kukaa mapajani. Nikaiona inashuka. Na hapo nikapajua mahali pale.

Baba yangu alikuwa fundi seremala Ngamiani. Milango ya mninga na makabati ya mvule aliyoyatengeneza bado yapo katika nyumba za watu mjini humu, na hayajalegea. Nikiwa na miaka kumi na moja alinipa patasi na kipande cha mninga, akaniambia nichimbe tundu la kupokea ulimi wa mbao nyingine. Hakunionyesha zaidi ya hapo. Niliweka patasi sawasawa na mstari wa penseli, nikapiga nyundo, na mbao ikapasuka kwa kufuata nyuzi zake, kutoka tunduni hadi ukingoni. Baba aliisikia sauti ya kupasuka akiwa upande wa pili wa karakana. Alikuja, akaichukua patasi mkononi mwangu, akaipangusa kwa shati lake, akarudi kwenye kazi yake. Neno hakusema. Nami mikono yangu nikaiweka nyuma ya mgongo, na sikuishika tena patasi mpaka anafariki.

Sitaki mtu amfikirie baba yangu vibaya. Alikuwa mpole, na mbao ile ilikuwa ya mteja. Wala na yeye hakufundishwa kwa namna nyingine. Alijifunza kwa kusimama pembeni ya fundi wake miaka mingi, akifagia maranda, akiiba ujuzi kwa macho. Ndivyo wengi wetu tulivyopata tulichonacho. Hata magari yetu ya waya, yale yenye magurudumu ya kandambili, tuliyaunda kwa kuchungulia mikono ya kaka zetu, na kaka akikuona unachungulia anageuka akupe mgongo. Aliyejua alilinda anachojua.

Nilimrudishia mjukuu wangu kile kipande. Nilimwambia, "Samahani, mama. Ni chako. Jaribu." Ilimchukua muda kuirudisha mikono mezani. Akakiweka vilevile alivyokuwa amekiweka mwanzo, kinyume, akakandamiza. Hakikuingia. Akakandamiza tena, hakikuingia. Akakiinua machoni, na hapo akaona kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekiona: zile pini mbili za kukishikia hazifanani. Moja ni nene, nyingine nyembamba, na matundu yake hivyohivyo. Kwa upande usio wake kipande kile hakiwezi kuingia hata ungekipiga nyundo. Akakigeuza. Kikaingia na kutoa sauti ndogo, *tak*.

"Amekubali, Babu!" alisema. "Haro amekubali!"

Nimeifikiria sana ile tofauti ya pini mbili. Mahali fulani Japani, mchoraji alikaa mbele ya kompyuta yake akajiuliza: mtoto atakosea wapi? Akaona kwamba atakosea hapa. Angeweza kuandika onyo. Angeweza kuacha mtoto akosee, avunje, kisha alaumiwe kwa kutosoma maelekezo. Badala yake alinenepesha pini moja. Kosa likawa haliwezekani, na mtoto akapewa nafasi ya kuligundua mwenyewe bila kunyang'anywa kitu. Mtu yule hamjui mjukuu wangu, na Tanga pengine hajawahi kuisikia. Lakini alikuwa amekwisha kumfikiria kabla hajafika mezani, na alimfikiria kwa heshima kuliko nilivyomfikiria mimi niliyekaa naye bega kwa bega.

Na kuna jambo katika habari hii ambalo baba angelipenda. Mji wa Shizuoka, anakosoma mpwa wangu, ndiko kilipo kiwanda cha Bandai cha modeli hizi, kilichofunguliwa mwaka 2006, na kabla ya plastiki ulikuwa mji wa maseremala. Mafundi waliitwa huko karne nyingi zilizopita kujenga mahekalu, wakakaa, wakazaa, na ujuzi wa mbao ukabaki katika mji. Kampuni nyingine kubwa ya modeli ya mjini humo, Tamiya, ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha kupasua mbao. Moto uliteketeza mbao zao mwaka 1951, wakageukia kabisa modeli za mbao, na mwaka 1960 wakatoa modeli yao ya kwanza ya plastiki. Kwa hiyo ule ulimi unaoingia kwenye tundu, ule nilioushindwa mimi katika mninga, ndio uleule uliosema *tak* mezani kwangu. Umetoka kwenye mbao ukahamia kwenye plastiki, na njiani kuna aliyeufanyia hisani ya kumsubiri mtoto.

Nami hapa nataka kusema wazi ninachokiamini. Mtu anayejua kazi yake hupimwa kwa namna anavyompokea asiyeijua. Mwaka juzi nilikuwa nafuatilia mafao yangu katika ofisi moja, nikarudishwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikosekana nakala ya kitambulisho, mara ya pili picha ndogo, mara ya tatu mhuri. Fomu haikuwa imetaja hata kimoja. Yule dada wa dirishani hakuwa mkorofi, alikuwa amechoka, na alichosema ni kile kinachosemwa kila mahali: "Mzee, hata hili hulijui?" Sikulijua. Ningelijulia wapi? Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wazee wenzangu ambao nao, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wanakwenda kuambiwa hawajui. Aliyeiandika fomu ile alikuwa anajua kila kitu, na hakutufikiria. Pini moja tu iliyonenepeshwa ingewaokolea watu wale nauli za siku tatu.

Jioni ya siku ya pili Haro alikamilika. Mpwa wangu alikuja kumtazama, nasi tukamweka chini ya taa ili akaguliwe. Niliona fahari kushiriki ukaguzi ule, kwa hiyo niseme alivyo, mazuri na mapungufu.

Vipande vimebanana hata ukucha haupiti, na hakuna tone la gundi. Rangi zote zimetoka na plastiki yenyewe, isipokuwa sehemu chache zilizobandikwa stika. Stika ndiyo ninayoilaumu: juu ya uso wa mviringo haikai kwa utulivu, ukingo mmoja umeinuka tayari, na joto letu la pwani halitausamehe. Mstari wa kiungo unazunguka tufe zima, unaonekana ukiwa karibu. Mwenye ujuzi angeupiga msasa na kuupaka rangi, sisi tuliuacha. Masikio na mikono havifunguki, unang'oa kipande kimoja na kupachika kingine, na hivyo vipande vya akiba ni vidogo mno katika nyumba yenye kuku wanaoingia sebuleni. Lakini akikaa juu ya kiti chake, anakaa. Hayumbi. Umbo lake limeachiwa usahili wake. Hakuna aliyetaka kumwongezea mistari ili aonekane mgumu. Kwa kitu kinachouzwa Japani kwa chini ya yeni 1,000, kimefanywa na watu ambao hawakusema "hiki ni cha watoto tu."

Mpwa wangu hukagua kwa kidole gumba. Anakipitisha taratibu juu ya kila kiungo, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Alipofika kwenye ile punje nyeupe alisimama. Mjukuu wangu akashika pindo la gauni lake.

"Hapa ulikata mara moja, sivyo?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mimi yangu ya kwanza ina alama kumi na saba. Nilizihesabu." Akamwekea Haro mikononi. "Hii moja hata mimi ningeiacha, ndiyo inayoonyesha ulipoanzia. Ya baadaye yote umekata mara mbili. Naona."

Na ilikuwa kweli, nami sikuwa nimeona. Nilimgeuza Haro huku na huku, nikatafuta alama nyingine nyeupe katika vipande vyote vilivyofuata, hazikuwapo.

Zile fremu tupu sikuzitupa. Nasikia Bandai tangu mwaka 2021 wanazikusanya kwa wateja wao Japani ili plastiki yake irudi kutumika tena. Kwetu hakuna pa kuzipeleka, kwa hiyo ziko ndani ya kopo la biskuti, herufi na namba zake bado zinasomeka, kila moja ikionyesha tundu la kipande kilichokuwapo. Mjukuu wangu kabla ya kurudi kwao nilimwambia amchukue Haro aende naye. Akakataa. Akasema akae hapa na Babu, yeye atakuja kumtengenezea mwenzake. Mwanzoni nilikuwa namweka ile punje nyeupe ikitazama ukutani. Sasa inatazama mlangoni, wageni waione.

Wiki iliyopita nilishusha kasha la zana za baba kutoka darini. Randa, msumeno, nyundo yenye mpini uliolainishwa na kiganja chake, na ile patasi. Kutu ilikuwa imeila makali lakini si kwa kina. Niliipeleka kwa mnoa visu wa sokoni, akaikalisha kwenye jiwe lake robo saa nzima, akanirudishia inang'aa. Kwa fundi wa jirani nimepata kipande cha mninga, mabaki tu, hakina mteja. Likizo ya Juni mjukuu wangu anakuja. Nimekwishakipiga msasa kingo zote kisimchome, na juu yake nimechora kwa penseli mstari wa tundu, kisha ndani ya mstari huo, mbali kidogo na ukingo, mstari wa pili wa kuanzia.